Mchanga Nyuma ya Ukuta

9 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Naitoa mapema kwa kuwa barua yako ya mwisho ilianza bila shikamoo, nikajua ulaya ya huko uliko, hata kama si ulaya, imeshakuharibu. Mimi mzima. Presha iko pale pale, goti la kushoto ndilo linalotabiri mvua, na sikio la kulia limestaafu bila hata kuagwa. Ndiyo maana nakuandikia. Kwenye simu nasikia mtu anatafuna karatasi tu. La kushoto linasikia, lakini kwa mtu aliyesimama mbele yangu, na awe na jambo la maana.

Cherehani bado inanilisha. Msimu huu ni sare za shule, suruali za wavulana ambao mama zao wote wanataka niache pindo refu, "atakua, atakua." Msalimie mke wako. Mwambie ile blauzi aliyoniletea kitambaa chake nimeishona, ila kola imenigomea.

Sasa jambo lenyewe. Baba yako amerudi.

Hakurudi kwangu, thubutu. Amerudi kwenye kile kiwanja cha pembeni, palipokuwa na chumba cha bibi yako. Anajenga ghorofa, na chini ya ghorofa anataka sehemu ya kuegesha magari, kwa hiyo anachimba. Wiki mbili wamepigilia mabati mazito ya chuma ardhini, yamesimama bega kwa bega kuzunguka kiwanja chote, na kila pigo la ile mashine cherehani yangu ilikuwa inatembea yenyewe mezani. Sasa wanachota udongo ndani. Ni ule mfinyanzi wa kijivu unaoujua, laini, umejaa maji, unanata kwenye viatu vya wale vijana hadi wanatembea kama wamefungwa mito miguuni. Vijana wanamwita Mzee Haraka. Nimecheka peke yangu.

Mwanangu, sijasahau. Wewe ulikuwa shuleni bwenini, huenda uliambiwa tu. Mimi niliona. Mama alilazwa hospitali, na kwa kuwa hati ya upande ule ilikuwa kwa jina la baba yako, mtoto wa kiume, akaleta watu wakabomoa chumba cha mama yetu akiwa bado kitandani hospitali. Aliporudi hakuwa na chumba. Nikamlaza kwenye chumba changu cha kushonea. Unakumbuka dirisha lake lilivyokuwa, alivyokuwa anamsalimia kila anayepita barabarani hadi wauza mkaa wakawa wanajua majina ya wajukuu? Kwangu upande ule ni ukuta mtupu. Kila asubuhi alikuwa ananiambia, "Nifungulie dirisha." Nikamwambia, mama, hakuna dirisha. Kesho yake tena. Alikufa uso umeuelekea ule ukuta.

Wewe umesomea mashimo. Niambie, ukuta kama huu wa baba yako unaangushwa na nini? Nauliza tu.

Shangazi yako


2 Machi

Shangazi,

Shikamoo, shikamoo na shikamoo, hizo mbili ni za barua iliyopita. Sisi hatujambo. Mke wangu anasema kola ikigoma uiache bila kola, anakuamini. Baridi huku imeanza kulegea. Nimepandishwa ngazi kidogo kazini, ngazi ya plastiki, lakini ni ngazi.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama. Nikaketi nikaisoma tena.

Kwanza, kaka yako, maana mimi siwezi kuandika lile neno lingine, hajanirudishia jina langu. Unajua yaliyotokea kwenye ule mtaro wa maji taka, lakini nataka uyasikie kwa mkono wangu. Mtaro ulikuwa umeshikwa na vyuma vya kukingama, kutoka ukuta hadi ukuta, na udongo ulikuwa huo huo wa kijivu. Yeye akataka vile vyuma vikafanye kazi mahali pengine. Nikamwambia, jaza kwanza udongo mpaka usawa wa chuma, ndipo ukitoe. Akasema, "Utanifundisha kazi mimi?" Vikatolewa. Kuta zikakutana. Kijana mmoja akapoteza mguu. Mbele ya tume ya uchunguzi kaka yako akasema vyuma vilitolewa kwa amri ya mwanawe, akaongeza kwamba tangu siku ile hana mwana. Nikanyang'anywa leseni ya uhandisi kabla wino wake haujakauka vizuri. Huku niliko nilianza upya kama mtu asiyejua hata koleo.

Na kazi ninayoifanya ni hiyo hiyo, Mungu ana mzaha. Nasoma kuta za mashimo. Tunazika mabomba nyuma ya ukuta, nateremsha kifaa ndani, kinaniambia ukuta umetunisha tumbo wapi na kwa kiasi gani.

Umeuliza ukuta kama ule unaangushwa na nini. Nitakujibu. Udongo ule ni kama mto wa kulalia, ukiukalia hapa unafura pale. Ukichota udongo ndani ya shimo, ule wa nje unataka kuingia. Kinachouzuia ni ukuta, na kinachouzuia ukuta ni vyuma vya kukingama. Kwa hiyo mtu anachimba kidogo, anakingamisha chuma, anachimba tena kidogo, anakingamisha tena. Mwenye haraka anachimba kwanza, chuma baadaye. Hilo ndilo la kwanza. La pili ni maji. La tatu ni uzito uliowekwa ukingoni, nyuma ya ukuta. Kwenye udongo mgumu unaweza kusamehewa. Kwenye mfinyanzi laini husamehewi, ila huambiwi siku hiyo hiyo. Udongo unasogea taratibu, na mwenye shimo anaona mambo ni shwari.

Wewe kaa tu, Shangazi. Usiseme na mtu. Chukua uzi wako mwembamba kabisa, ubandike kwa gundi juu ya kila ufa ulioko ndani mwako, uwe umekazwa. Ukikatika, niandikie. Nataka niwe na cha kuwapelekea wakaguzi wa manispaa siku tumbo la ule ukuta litakapoonekana hata na kipofu. Safari hii hana mwana wa kumsingizia.

Mwanao wa hiari


24 Machi

Mwanangu wa hiari na wa lazima,

Marahaba. Hongera ya ngazi ya plastiki. Jifunge kamba kiunoni.

Huku mvua zimeanza. Goti lilisema, hawakuliamini. Mwenye duka la dawa amemuoza binti yake wa mwisho, gauni nilishona mimi, shela ilinitoa jasho lakini watu walinyamaza alipoingia, na mimi nikakaa nyuma nikajifanya sijui ni kazi ya nani.

Nimebandika nyuzi. Jikoni mmoja mweupe, ukumbini mweupe, chumba cha kushonea mbili, nyekundu, ili nizione vizuri. Mama wa chai, yule anayewauzia vibarua wa baba yako pale langoni, aliniuliza hizo ni dawa za nini. Nikamwambia za kuzuia wageni.

Halafu kuna jambo jingine, sijui kama nimefanya kusudi. Hebu niseme ukweli, nimefanya kusudi. Fundi matofali wa mtaa wa nyuma alikuwa ananililia siku nyingi nimpe ua wangu aweke mali yake. Nimempa. Kaleta mchanga, kaleta kokoto, lori juu ya lori. Akauliza amwage wapi. Nikamwonyesha ule upande wa uzio, jirani na shimo. Nikamwambia, sogeza zaidi, baba, usinibanie njia ya kuanikia nguo. Sasa ua una mlima. Vibarua wakipanda juu ya ile mashine ya kijiko cha kuchimbia wananipungia mkono kwa juu ya mchanga wangu, na mimi nawapungia. Wao sina ugomvi nao.

Baba yako namwona. Tumbo limemtangulia, ufito wa kupimia mkononi kama kawaida, anaelekeza watu bila kumtazama mtu. Hajageuka hata siku moja kuangalia nyumba hii. Vyuma vya juu ameweka. Vya chini sijaviona, na shimo linazidi kushuka. Nilisimama juu ya ndoo nikachungulia, na roho yangu ikasema, ndivyo hivyo, chimba, chimba.

Ila uzi mmoja mwekundu umekatika. Wa chumba cha kushonea, kwenye ule ufa wa pembeni mwa dari. Nimebandika mwingine. Sasa swali langu ni la mshona nguo: anayechimba ni yeye, ukuta ni wake, kwa nini unakatika uzi wangu?

Shangazi yako


15 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Hatujambo wote. Barua fupi hii, kazini tumebanwa, tunamwaga zege la chini ya shimo na kila mtu amekuwa bosi.

Huo mlima wa mchanga! Nilicheka hadi mke wangu akaja kuangalia kuna nini. Anasema siku hizi nacheka peke yangu, na si kicheko anachokipenda. Uache mchanga hapo hapo. Kaka yako akituma watu uondolewe, usifungue lango. Ua ni wako, huna sheria uliyovunja. Nataka siku ule ukuta utakapoinama watu wote wa mtaa wawepo, na wa tume wawepo, na mimi niwepo nikiweza. Nataka aulizwe, "Nani alitoa amri?" na aangalie kushoto na kulia.

Nyufa za nyumba kuukuu ni jambo la kawaida. Endelea na nyuzi.

Vipi vyuma vya chini, ameviweka? Niandikie hilo kwa haraka, na kama sakafu ya shimo inafura.

Mwanao


6 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Sote wazima, kama "sote" ni mimi na paka. Paka amehama chumba cha kushonea. Analala jikoni, juu ya stuli.

Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko ulivyoiandika. Nilikuuliza swali, umeniambia nyumba kuukuu. Nyumba hii ilijengwa na babu yako, naijua inavyoumwa. Mlango wa chumba cha kushonea haufungi tena, umelalia fremu. Nyuzi zote mbili nyekundu zimekatika, nimebandika nyingine, nazo zimekatika. Juzi bobini ya uzi ilinidondoka, ikagusa sakafu, ikabingirika yenyewe, taratibu kabisa, mpaka ule ukuta wa upande wa mama, ikatulia hapo. Nikaiokota nikaiweka katikati ya chumba. Ikarudi kule kule. Nimeketi nikaitazama.

Msimamizi wa baba yako alikuja, kijana mwenye adabu, kofia mkononi. Akaniomba mchanga uondolewe ukingoni. Nikamwambia aliyemtuma naye ana mdomo, aje aombe mwenyewe. Siku ya pili akaja baba yako mwenyewe. Tangu tumzike mama hajasimama kwenye lango hili. Alisimama nje, mimi ndani, komeo katikati.

"Dada, huu mchanga unanisukumia ukuta."

"Ukuta gani?"

"Ule pale. Nina watu mle ndani."

"Basi watoe. Mimi mama yangu alikuwa hospitali, wewe hukumngoja, ulimbomolea."

"Hayo ya zamani."

"Kwangu ni ya asubuhi hii."

Akasema ataleta barua ya manispaa. Nikamwambia alete na bendi. Akaondoka. Nakwambia, mwanangu, niliingia ndani nikatembea kama msichana, goti lilipona siku nzima. Miaka yote hii nimemngoja aje aombe kitu kwangu ili nimnyime, na nilimnyima, na ilikuwa tamu. Nisikudanganye.

Lakini jioni nilisimama tena juu ya ndoo. Vyuma vya chini hakuna. Ameshachimba kupita pale vilipopaswa kuwa, anasema vinakuja. Mabati yametunisha tumbo kwa chini, hata mimi mwenye miwani ya kuazima naliona. Mama wa chai anasema vijana wanalalamika kwamba wakisawazisha sakafu leo, kesho wanaikuta imefura. Na bado wanashuka, wanaimba huko chini, nawasikia kwa sikio langu moja.

Mimi bado nalala chumba cha kushonea, kitandani pa mama. Kuna kitu huniambii. Kiseme.

Shangazi yako


19 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako imefika leo asubuhi. Sijaenda kazini.

Naandika ingawa hii haitakufikia kabla ya lile nililokwisha kulifanya. Naandika ili ulijue kwa mdomo wangu.

Uliniuliza kwa nini uzi wako unakatika. Nilijua. Nililijua tangu barua ya kwanza, maana ndiyo kazi inayonilisha. Ukuta ukitunisha tumbo kuingia shimoni, udongo wa nyuma yake hauwezi kubaki hewani, unaufuata. Unazama, na kilichoko juu yake kinazama nao. Kilichoko juu yake ni chumba chako cha kushonea. Huo mlima wa mchanga uliokuwa unamsukumia yeye, ulikuwa unakuzamisha wewe. Nilipokwambia uache hapo hapo nilikuwa nalijua hilo. Nilijiambia nyufa tu, haitafika mbali. Nilijiambia kwamba ukuta ukianguka utaanguka siku ya mapumziko, shimo likiwa tupu. Nilitaka aanguke, Shangazi, nilitaka sana, kiasi cha kukuacha ulale pale. Bobini yako ndiyo iliyoniamsha. Sakafu ikishalala kiasi cha kubingirisha kitu, na chini wamechimba bila vyuma, hapo tena si mambo ya kusubiri wakaguzi.

Wewe simu husikii. Huko mtaani kwenu namba ninayoijua ni moja. Sikuwahi kuifuta. Usiniulize kwa nini.

Nilipiga. Akapokea kwa ile sauti yake ya kufokea watu.

"Nani?"

"Ni yule uliyesema alitoa vyuma."

Nyuma yake nilikuwa nasikia kijiko kikichimba.

"Unataka nini?"

"Simamisha hicho kijiko. Toa watu wote shimoni sasa hivi, usikate simu, nisikie wakitoka."

Nilidhani atanitukana. Hakunitukana. Alipiga mluzi, ule wa vidole viwili, na kijiko kikanyamaza. Nikajua alikuwa anajua. Alikuwa anajua siku zote, kama alivyojua kwenye mtaro. Alikuwa anangoja mtu mwingine amwambie.

Nikamwambia, usiguse chuma hata kimoja. Jaza. Rudisha udongo mguuni pa ukuta, tuta nene, uanze upande wa nyumba ya Shangazi, upandishe mpaka karibu na vyuma vya juu. Akasema udongo wake ameshausomba kwa malori, hana cha kujazia. Nikamwambia mlima wa mchanga na kokoto upo, uko upande wa pili wa uzio, na ukiutoa pale ukautia shimoni umeponya mara mbili.

"Hatanifungulia," akasema.

"Nenda kamwombe. Kwa miguu yako, na umwambie atoke ndani ya nyumba kwanza. Hasikii simu."

"Nikijaza hili shimo nimekwisha. Hakuna atakayenipa kazi tena."

"Ndiyo," nikamwambia. "Umekwisha."

Na nilifurahi kulisema, nisikufiche. Nilikata simu mimi. Sijui alikwenda au hakwenda. Sijui kama uko hai unasoma hii. Andika.

Mwanao


3 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Niko hai. Nalala ukumbini, juu ya kochi, na paka amerudi kunizoea.

Alikuja. Sikumwona akija, niliona watu. Vibarua wote walikuwa wamekaa barabarani na makoleo yao, mama wa chai ameacha birika, na katikati baba yako anakuja mbio, tumbo mbele, kiatu kimoja kimebaki kwenye ule mfinyanzi. Akashika nondo za lango akaanza kusema. Nikamgeuzia sikio la kulia.

"Sikusikii!"

"Toka nje! Nyumba inazama!"

"Nani kasema?"

Akataja jina lako. Nikamwambia simjui. Akasema, yule mhandisi. Nikamwambia wahandisi wako wengi.

"Mwanangu!" akapiga kelele. "Mwanangu kasema!"

"Sema tena, mtaa wote hausikii."

Akasema tena. Nilikuwa nimeshasikia tangu la kwanza. Nilitaka alitumie lile neno mpaka limchoke.

Nikatoka nje, nikamwita fundi matofali, nikamuuliza mbele ya watu mchanga huu ni wa nani. Akasema, "Ni wangu, mama, lakini ukitaka kuuza, uza." Nikamwambia baba yako, mchanga upo, lango ninalo, kwanza waambie hawa vijana nani alitoa vyuma vya mtaro ule. Akanitazama. Akatazama nyumba, ambayo ilikuwa inalia, mwanangu, mbao za dari zinalia kama mlango wa zamani. Akasema, "Dada, itaanguka wakati tunabishana." Nikamwambia shimoni hamna mtu, ndani mwangu hamna mtu, nyumba ni yangu, nina haki ya kuichezea. Kweli nilikuwa tayari ianguke. Nakwambia ulijue, maana unadhani roho mbaya unayo wewe peke yako katika ukoo huu.

Akasema. Hakusema kwa sauti, msimamizi wake akalazimika kuinama asikie, lakini alisema: "Niliamuru mimi. Kijana wangu alinikataza." Na katika wale vibarua kulikuwa na mmoja mzee aliyekuwepo siku ile ya mtaro. Alivua kofia, akainuka, akaenda zake. Hakurudi.

Nikafungua komeo. Walibomoa uzio, wakasukuma mchanga wote ndani kwa toroli, kwa makoleo, kwa kijiko, na kokoto juu yake. Baba yako alisukuma toroli mpaka akakosa pumzi. Alipokosa pumzi akataka pa kukaa. Nilimpa kiti. Nilikitoa chumba cha kushonea nikakiweka mlangoni pake, kikauangalia ule ukuta mtupu, nikamwambia kaa hapa, tazama alichokuwa anakitazama mama. Alikaa. Alasiri nyumba ikaacha kulia. Ukuta wa mabati umesimama, umepinda, lakini umesimama. Chumba cha kushonea kimekwenda upande, na ule ufa sasa napitisha mkono.

Manispaa wamekuja, wamefunga mradi. Shimo limejaa nusu, linaota majani. Wale waliokuwa wanamshika mkono mtaani wanavuka barabara. Deni nililomdai amelilipa. Sijamsamehe.

Sasa wewe.

Barua yako ilifika karibu wiki mbili baada ya yote haya. Nimeisoma mara moja tu, inatosha. Mwanangu niliyekubeba mgongoni, ulijua ardhi inanimeza ukaniambia nibandike uzi. Baba yako alimbomolea mama chumba akiwa hayupo. Wewe ulitaka unibomolee nikiwa nimelala ndani. Angalau yeye alingoja mama atoke. Nimelia, halafu nimekasirika, na hasira ndiyo iliyobaki. Usiniandikie pole. Pole yako sina pa kuiweka.

Fundi aliyekuja kukagua anasema ule ukuta wa chumba cha kushonea lazima ubomolewe ujengwe upya. Nimemwambia aache. Nimeshaamua nani atajenga. Utakuja wewe. Atakuwepo na yeye, nimeshamwambia, amenyamaza, maana yake amekubali. Mtaubomoa nyinyi wawili, mtaujenga nyinyi wawili, bila kibarua, na katikati yake mtaweka dirisha, kubwa, usawa wa kitanda. Mimi nitakuwa nimekaa nje juu ya ndoo yangu. Ngazi iliyopo ni moja, tena kuukuu, haisimami bila mtu wa kuishikilia. Mmoja atapanda, mwingine atashika chini. Amueni.

Shangazi yako


22 Juni

Shangazi,

Shikamoo.

Sikuandikii pole. Tiketi nimekata, nafika mwisho wa Julai. Mke wangu anasema ameanza kunitambua tena, na anataka kujua kola iliishia wapi.

Usitafute fundi wa fremu ya dirisha, nitaichonga mwenyewe hapo uani. Nipimie tu upana wa kitanda.

Kuhusu ngazi, nimefikiri sana. Nitapanda mimi. Baba ashike.

Mwanao